Kakuma hadi Rio, lakini si Kakuma hadi Lodwar



Kila Olimpiki ikikaribia, kuna picha moja hurudi kwenye simu zetu. Ni ya Agosti 5, 2016, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Rose Nathike Lokonyen, msichana wa Kakuma, amebeba bendera nyeupe yenye pete tano za Olimpiki. Anaongoza kikosi cha wanamichezo 10 wasio na nchi ya kuwakilisha. Uwanja mzima unawashangilia. Chini ya picha watu huandika maneno yaleyale: matumaini, ndoto, usikate tamaa.

Sina ugomvi na matumaini. Ugomvi wangu ni kwamba hadithi huishia hapo kwa picha. Hakuna anayeuliza hawa watu walifikaje Rio, walikimbia vipi, walirudi wapi, na sisi huku Turkana tulibaki na nini. Mimi ni wa Lodwar. Kutoka hapa hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na ninaamini safari hiyo ya 2016 ni moja ya mambo makubwa ya historia yaliyowahi kutoka kaunti yetu. Lakini tumeisoma vibaya. Tunaisoma kama hadithi ya vipaji, wakati ni hadithi ya karatasi. Wacha nieleze.

Kwanza, mahali penyewe

Tuondoe uongo mmoja. Ukisoma vitabu na makala za Kizungu kuhusu kambi, utaambiwa Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "hakuna mahali". Wewe unasoma Kiswahili sasa hivi. Umewahi kulisikia neno hilo kwa maana hiyo? Halipo. Kuna mtu aliandika, mwingine akanakili, na sasa uko kila mahali. Na si kosa dogo, kwa sababu ukishasema pahali fulani ni "hakuna mahali", ni rahisi sana kuwaweka watu hapo na kuwasahau. Kakuma palikuwa mahali kabla hema la kwanza kusimamishwa. Waturkana walikuwa hapo na mifugo yao kando ya laga ya Tarach.

Na tabia ya kutumia Turkana kama mahali pa kuwekea watu haikuanza na UNHCR. Wakoloni waliifanya hii nchi yetu kuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni akitaka kuingia alihitaji kibali. Walipotaka kumficha Jomo Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria walimfunga Lokitaung, halafu 1959 wakamleta hapa Lodwar, akakaa chini ya ulinzi hadi 1961. Hawakuhitaji ukuta mrefu. Jua, umbali na kibali vilitosha.

Kwa hivyo kambi ilipoanza 1992, ilikuja mahali ambapo wazo la kibali lilishazoeleka. Waliofika kwanza wengi walikuwa watoto, wale wavulana wa Sudan ambao vita viliwatoa makwao kuanzia mwaka 1987. Walitembea hadi Ethiopia. Serikali ya Mengistu ilipoanguka 1991 wakafukuzwa huko, wakarudi Sudan, halafu wakavuka mpaka kuingia Lokichoggio na kuletwa Kakuma. Maelfu ya watoto, wengi bila mzazi. Serikali ya Kenya iliwapokea, na hilo tuipongeze. Lakini sera ikawa kwamba mkimbizi akae kambini, na akitaka kutoka, hata kwa siku chache, awe na kibali.

Shikilia hiyo habari ya kibali. Tutairudia.

Mwanamke wa Pokot aja Turkana kutafuta wakimbiaji

Kambi ilikuwa imetoa wanamichezo kabla ya 2016, ila dunia iliwajua chini ya bendera nyingine. Lopez Lomong aliishi Kakuma miaka 10, akapelekwa Marekani 2001, na kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 ndiye aliyebeba bendera ya Marekani. Awer Mabil alizaliwa Kakuma 1995, akacheza mpira hapo kwa miguu mitupu, familia ikahamia Australia 2006. Mwaka 2022 alifunga moja ya penalti zilizoipeleka Australia Kombe la Dunia Qatar. Wote wawili walihitaji kuhama bara kwanza.

2015 mambo yakabadilika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ilitangaza kwamba wakimbizi wenye uwezo wataruhusiwa kushindana Rio. Kwa mara ya kwanza kungekuwa na timu ya watu waliokimbia vita, wakati vita vyenyewe bado vinaendelea. Aliyekuja kuwatafuta huku ni Tegla Loroupe.

Wengi mnamjua Tegla kama mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda New York Marathon, mwaka 1994. Sisi huku tunamjua pia kwa jambo lingine. Ni Mpokot. Pokot na Turkana tumeibiana ng'ombe na kuzikana kwa vizazi. Tangu 2003 amekuwa akiandaa mbio za amani, akiwakimbiza vijana wa jamii zinazopigana pamoja, wakiwemo wa kwetu. Kwa hivyo alipofika Kakuma kufanya mchujo, hakuwa mgeni kwa swali la michezo na vita. Alikuwa amelishughulikia zaidi ya miaka 10.

Waliojitokeza hawakuwa wanariadha. Rose aliambiwa na mwalimu wake ajaribu mbio za kilomita 10, akajaribu, akamaliza wa pili. Alikuwa ameingia Kenya 2002 akiwa mtoto. Wazazi wake walirudi Sudan Kusini 2008, yeye akabaki kambini na wadogo zake. Yiech Pur Biel alikuwa mtu wa mpira wa miguu, alikuja 2005 akitoka Nasir. James Nyang Chiengjiek alitoka Bentiu akikwepa kunyakuliwa na kupewa bunduki akiwa bado mtoto. Paulo Amotun Lokoro alikuwa mchungaji wa ng'ombe. Anjelina Nadai Lohalith alifika 2002 akiwa ametengana na wazazi wake.

Waliochaguliwa walipelekwa Ngong, karibu na Nairobi, kwenye kambi ya mazoezi ya Tegla. Angalia ramani: ni safari ya mamia ya kilomita kutoka joto letu hadi baridi ya Ngong. Kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuvaa viatu vya misumari, kupimwa muda, kula kwa ratiba, kufuata kocha. Walikuwa na miezi, sio miaka.

Miezi mitatu ya 2016

Sasa panga tarehe hizi, maana hapa ndipo hadithi inapokuwa nzito.

Mei 6, 2016, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba inafunga kambi za Dadaab na Kakuma, na ikavunja idara iliyokuwa ikishughulikia wakimbizi. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, baada ya Westgate 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa 2015. Baadaye Kakuma ikaachwa nje ya mpango huo, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema kufunga Dadaab ni kinyume cha Katiba. Lakini Mei ile hakuna aliyejua itaishaje. Watu wa kambini walikuwa wanalala bila kujua kama wataamka na mahali.

Juni 3, majina yakasomwa. Watu 10: Wasiria wawili waogeleaji, Wakongo wawili wa judo, Mwethiopia mmoja wa marathoni, na watano wakimbiaji wa Sudan Kusini. Wote watano walikuwa wanaishi Kenya. Nusu ya timu ya kwanza ya wakimbizi duniani ilitoka upande huu wetu.

Julai 8, mapigano makali yakalipuka Juba. Mamia ya watu waliuawa kwa siku chache. Mpaka wa Sudan Kusini uko kaskazini mwa Lokichoggio tu, na Lokichoggio ni kama kilomita 95 kutoka Kakuma. Yaani wakati watano hawa wanamalizia mazoezi Ngong, watu wapya walikuwa wanakimbia kutoka kulekule walikotoka wao.

Agosti 5, Rose akabeba bendera.

Serikali inatangaza itafunga nyumba yako. IOC inatangaza utaiwakilisha dunia. Nchi yako inawaka tena. Yote ndani ya miezi mitatu. Na katikati ya hayo unaambiwa utulie, uhesabu hatua, usianze kwa kasi sana mzunguko wa kwanza.

Uwanjani

Tuseme ukweli wa matokeo, kwa sababu wale wanaoposti picha huwa hawasemi. Wote watano walitolewa raundi ya kwanza.

James alikimbia mita 400 kwa sekunde 52.89. Yiech alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 54.67. Rose, mita 800 upande wa wanawake, dakika 2 na sekunde 16.64. Paulo, mita 1,500, dakika 4 na sekunde 3.96. Anjelina, mita 1,500, dakika 4 na sekunde 47.38.

Sasa linganisha. Mwaka huohuo, mbio zilezile za mita 800, David Rudisha alichukua dhahabu kwa 1:42.15. Faith Kipyegon akachukua dhahabu ya mita 1,500. Kenya ilitoka Rio na dhahabu 6. Rudisha na Yiech waliishi nchi moja, wakala ugali wa nchi moja, wakapumua hewa ya Bonde la Ufa lilelile. Kati yao kulikuwa na sekunde 12.

Sekunde hizo 12 ni nini? Wengine watasema kipaji. Mimi nasema tuanze na vitu vinavyohesabika. Rudisha alikuwa na miaka ya mazoezi na kocha mmoja huko Iten. Alikuwa na pasipoti. Mbio zikiwa Eldoret alienda Eldoret, zikiwa Ulaya alienda Ulaya. Yiech aliishi miaka 10 mahali ambapo kwenda kushindana mji wa jirani ni jambo la kuombewa ruhusa. Huwezi kumpima mtu kwa saa ya Rudisha wakati saa yake ilianza kuhesabu mwaka jana.

Swali la zamani: mbona mnacheza na kwenu kunaungua?

Safari ya timu wakati wa vita si jambo geni. Mwaka 1901, Waingereza wakipigana na Makaburu kule Afrika Kusini, timu ya kriketi ya Afrika Kusini ilipanda meli kwenda kuzuru Uingereza. Tajiri mmoja, James Logan, aliyepata mali kwa kulisha abiria wa reli, ndiye aliyegharamia. Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes, alikuwa amehudumu kama daktari kwenye vita hivyo, na aliilaumu hiyo safari waziwazi. Hoja yake ilikuwa kwamba vijana wa Uingereza wanaacha kriketi kwenda kupigana huko, na vijana wa huko wanaacha vita kuja kucheza kriketi.

Hiyo ni lawama ya kawaida na ina uzito wake. Lakini mwaka huohuo kulikuwa na kriketi nyingine. Makaburu waliotekwa walipelekwa hadi kisiwa cha Ceylon, leo Sri Lanka, wakawekwa kambini Diyatalawa. Julai 1901 timu ya wafungwa hao ilipewa ruhusa kwenda Colombo kucheza na klabu ya huko. Mechi ikaisha, wakarudishwa kambini.

Weka hizo timu mbili pamoja. Moja ilisafiri kwa sababu kulikuwa na mwenye hela na meli. Nyingine ilisafiri kwa sababu askari walifungua geti kwa muda. Mchezo ni mmoja, mwaka ni mmoja, na kinachotofautisha ni nani anashika ufunguo. Hakuna aliyewalaumu watano wa Kakuma kwa kukimbia wakati Juba inaungua, dunia ilipiga makofi tu. Lakini makofi hayo yalifunika swali la pili, lile la ufunguo. Ukiniuliza mimi, safari ya Rio ilikuwa karibu na ile ya Colombo kuliko tunavyopenda kukubali.

Wenzetu wa Peshawar

Nina mfano mwingine wa kriketi, na huu ndio ulionifanya niandike.

Waafghani wengi walikimbilia Pakistan Wasovieti walipoingia nchini mwao mwishoni mwa 1979. Mamilioni ya watu, wengi karibu na mji wa Peshawar. Watoto wao walikulia kwenye kambi kama Kacha Garhi, na huko wakajifunza kriketi kwa kuwaona Wapakistani wakicheza. Kwao Afghanistan kriketi haikuwa mchezo wa watu wengi. Ilikuwa mchezo wa kambini.

Mwaka 2001 Afghanistan ikakubaliwa kuwa mwanachama wa chama cha kriketi duniani, na timu yake ikaalikwa kuzuru Pakistan, kucheza kwenye mashindano ya daraja la pili ya huko. Ziara ilipokuwa inaendelea, Marekani ikaanza kuipiga mabomu Afghanistan, Oktoba 2001. Vijana wako uwanjani na ndege za kivita ziko juu ya kwao. Walicheza mechi tano. Hawakushinda hata moja.

Unaona inavyofanana na Rio? Timu ya kambini, ziara ya kwanza, vita nyumbani, ushindi sufuri.

Lakini angalia kilichofuata. Juni 2018 Afghanistan ilicheza mechi yake ya kwanza ya Test, dhidi ya India huko Bengaluru. Mwaka 2024 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20. Kutoka sufuri hadi nne bora za dunia, ndani ya miaka 23.

Kwa nini wao wakaweza? Sababu ni nyingi, na kusema ukweli mateso ya Waafghani hayajaisha, na wanawake wao hadi leo wamezuiwa kucheza. Lakini kuna sababu moja ambayo mtu wa Turkana hawezi kuipita. Miaka ile, Pakistan haikuwafungia wakimbizi kambini. Mwafghani wa Kacha Garhi aliweza kuingia Peshawar, akafanya kazi, akauza sokoni, akajiunga na timu ya mtaa, akapigwa na mpira wa mtu anayejua zaidi yake, akarudi wiki ijayo kujaribu tena. Mchezo hukua hivyo tu. Hukui kwa mashindano moja kila baada ya miaka minne. Unakua kwa Jumamosi nyingi ambazo hakuna mtu anapiga picha.

Mtu aliyetoka nje ya geti

Kama bado unadhani tatizo ni kipaji, msikilize Dominic Lokinyomo Lobalu. Naye ni wa Sudan Kusini. Vita vilimfanya yatima, akaingia Kenya akiwa mtoto, na baadaye akajiunga na kikosi cha Tegla Ngong. Mwaka 2017 alikimbia mashindano ya dunia London na timu ya wakimbizi. 2019 walikuwa Geneva kwa mbio. Alishinda, halafu hakurudi na wenzake. Akabaki Uswisi, akaomba hifadhi.

Huko alipata kocha, nyumba, na miaka. 2022 alishinda mita 3,000 kwenye Diamond League ya Stockholm. Juni 2024 huko Roma akawa bingwa wa Ulaya wa mita 10,000, akiwa amevaa jezi ya Uswisi. Agosti 2024, Olimpiki ya Paris, alilazimika kurudi kwenye timu ya wakimbizi kwa sababu hakuwa na uraia wa Uswisi. Alimaliza wa nne kwenye mita 5,000. Medali ya shaba ilimpita kwa sehemu 14 za mia ya sekunde.

Mtu mmoja, mapafu yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba aliweza kuamka asubuhi na kwenda anakotaka.

Sisemi kila mtu atoroke hotelini. Nasema ni aibu kwetu kwamba ilibidi iwe hivyo. Hiyo shaba iliyomponyoka kwa kufumba na kufumbua ingeweza kuwa inajadiliwa leo kwenye vibanda vya chai vya Lodwar.

Na sisi wenyeji?

Najua kuna wasomaji wa Lodwar, Lokichar na Kalokol ambao sasa hivi wanasema: sawa, lakini sisi je? Wakimbizi wana mashirika, wana shule, wana hospitali. Kijana wa raia ana nini?

Ni swali halali na silikwepi. Paul Ereng alichukua dhahabu ya mita 800 Seoul mwaka 1988. Ni Mturkana. Lakini alizaliwa Kitale, akasoma Starehe, halafu akaenda chuo Marekani. Naye njia yake haikupitia hapa kwetu. Kijana wa Turkwel ana kitambulisho na hakuna polisi atakayemrudisha, ila nauli ya kufika Iten na kula huko miezi sita ni ukuta wake. Mkimbizi anazuiwa na karatasi, sisi tunazuiwa na mfuko. Wote tunabaki hapahapa tukiangalia Olimpiki kwa simu.

Ndiyo maana naona hizi hoja mbili ni moja. Kijana wa Kakuma akiweza kuja Lodwar kila wikendi kushindana bila kuomba ruhusa, mashindano ya Lodwar yanakuwa magumu zaidi, na kijana wetu anapata wa kumkimbiza. Rudisha hakuwa Rudisha akikimbia peke yake.

Kuna hoja ya usalama, na watu wamekufa, kwa hivyo siichezei. Lakini mwanariadha ni mtu rahisi kumjua aliko. Ana kocha, ana timu, ana namba kifuani. Kama nchi iliweza kuwaandalia watano hati za kuvuka bahari ya Atlantiki, haishindwi kuwapa vijana 50 kibali cha msimu mzima cha kufika Lodwar, Kitale na Eldoret.

Tulipo sasa

Sheria imesogea. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 2021 ilianza kutumika Februari 2022, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaosema kambi zitageuzwa kuwa makazi ya kawaida ambapo wakimbizi na wenyeji wanatumia huduma pamoja. Kwa maandishi ni jambo zuri. Wakati huohuo, mwaka huohuo wa 2025, mgao wa chakula ulikatwa vibaya kwa sababu pesa za wafadhili zilikauka, na watu wakaandamana Kakuma. Mtu mwenye njaa hawezi kukimbia mita 800. Na kuni na makaa ya mama wa Kiturkana hayanunuliwi na mtu asiye na kitu, kwa hivyo njaa ya kambi inavuka laga na kufika kwetu siku hiyohiyo.

Na wale watano? Walirudi Kenya. Wanne walikimbia tena Tokyo. Baadhi yao baadaye walipata nafasi za masomo Canada. Yiech Pur Biel, yule wa 1:54.67, mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mwanachama wa IOC, mkimbizi wa kwanza kukaa kwenye meza hiyo. Paris 2024 tulimwona Perina Lokure Nakang, msichana mwingine wa Kakuma, kwenye mita 800 zilezile za Rose. Na timu ya wakimbizi ilipata medali yake ya kwanza kabisa, shaba ya Cindy Ngamba kwenye ndondi. Yeye ni wa Cameroon, amekulia Uingereza.

Kwa hivyo mbegu ya 2016 haikufa. Lakini angalia imeota wapi: Uswisi, Canada, Uingereza. Mahali ilipopandwa, bado tunangoja kibali.

Waafghani walimaliza ziara yao ya kwanza bila ushindi, na hakuna anayekumbuka alama za mechi zile. Kinachokumbukwa ni miaka iliyofuata. Yetu imefuata tangu 2016, na bado inahesabika. Serikali ya kaunti, mashirika, na ninyi wenye shule na viwanja: anzeni na Jumamosi moja kwa mwezi, Kakuma na Lodwar kwenye mstari mmoja wa kuanzia. Basi ni la saa chache. Kinachohitajika ni mtu mmoja ofisini kupiga muhuri.